Kuvishwa na Kuvuliwa: Vazi la Kazi na Cheo katika Historia ya Waswahili

Kiswahili huzungumzia cheo kana kwamba ni nguo. Waziri aliyeondolewa husemwa amevuliwa madaraka. Mbunge huvuliwa ubunge, mwanachama huvuliwa uanachama, na askari aliyepanda huvishwa cheo mbele ya wenzake. Anayesifiwa kwa jambo asilokuwa nalo huvikwa kilemba cha ukoka, majani yanayonyauka kabla jua halijatua. Katika misemo hii yote yumo mtu wa pili asiyetajwa, naye ni yule anayevisha na kuvua. Anayejivika mwenyewe husemwa hivyo kwa kejeli. Mwanaisimu anaweza kuridhika kuiita hiyo sitiari na kuendelea na mengine, lakini historia ya Afrika Mashariki inaonesha kwamba kwa muda mrefu haikuwa sitiari tupu. Watu walipewa kazi, walinyimwa kazi na hata walipigwa barabarani kwa sababu ya walichovaa. Swali ambalo vijana huulizana leo kabla ya usaili, la kama vazi humpandisha mtu kazini, lina majibu ya zaidi ya karne moja, na mengi yamehifadhiwa katika maneno.

Neno la kuanzia ni kilemba. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 haiishii kwenye kitambaa cha kuzungushwa kichwani. Inataja pia zawadi ambayo mwanafunzi humpa mwalimu wake anapohitimu mafunzo, au inayotolewa kazi inapokamilika. Mtoto aliyehitimisha Kurani chuoni na kijana aliyemaliza kujifunza useremala kwa fundi walidaiwa kilemba. Malipo yenyewe yaliweza kuwa fedha au kitu kingine, lakini jina lilibaki la nguo. Mpangilio wa mambo ndio wa kuangaliwa: elimu ilitangulia, nguo ikafuata, tena ilikwenda kwa aliyefundisha. Kilemba cha kichwani nacho kilikuwa na masharti yake. Kadhi au mwanachuoni aliyekivaa alitarajiwa awe na la kujibu akiulizwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba pwani ya kale ilikuwa mahali ambapo kila mtu alivaa kadiri ya ujuzi wake. Fundi stadi aliyekuwa mtumwa alibaki mtumwa, na nguo zilisema hivyo kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa. Watumwa wa Unguja walijifunga merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichotoka Marekani, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833 baina ya nchi hiyo na Sayyid Said. Au walijifunga kaniki, ile nguo nyeusi iliyotiwa nili. Kichwa kilikuwa wazi na miguu pekupeku, kwa kuwa kofia na viatu vilikuwa alama za muungwana. Utumwa ulipoondolewa nguvu za kisheria Unguja mwaka 1897, mojawapo ya mambo ya mwanzo waliyoyafanya walioachwa huru lilikuwa kununua kanzu na kofia, na wanawake wakaiacha kaniki wakachukua kanga na, baadaye, buibui. Laura Fair ameyaeleza mabadiliko hayo kwa kina katika kitabu chake cha 2001 juu ya maisha ya mjini Zanzibar. Wapo waliowaona watu hao kuwa waigaji wa Waarabu, hukumu ambayo haina haki. Mtu aliyenyimwa kofia maisha yake yote haigi anapoinunua; anadai. Mwenye kanzu angeweza kupatana bei ya kazi yake bila ya kuulizwa bwana wake ni nani.

Kanzu ilikwenda bara pamoja na Kiswahili. Nchini Uganda iliingia kasri la Kabaka kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani katikati ya karne ya 19, na Waganda wakaifanya yao kiasi kwamba hadi leo, ikiwa na koti juu yake, ndiyo vazi la heshima la mwanamume katika harusi na hafla za kifalme. Tanganyika ya Wajerumani iliipokea kwa njia nyingine. Serikali iliyotumia Kiswahili kuandikia amri zake iliwahitaji watu wa pwani waliojua kusoma, ikawatuma mikoani kuwa maakida na makarani. Kwa mwanakijiji wa Umatumbi, akida mvaa kanzu alikuwa ndiye kodi na ndiye kiboko. Vita vya Majimaji vilipoanza Julai 1905 kwa kung'olewa pamba Nandete, akida wa Kibata alikuwa miongoni mwa walioshambuliwa mapema. Vazi lililompa mtu kazi lilimfanya pia aonekane kwa mbali.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika, kanzu ilipatwa na mkasa ambao haujasemwa vya kutosha katika historia ya mavazi yetu. Katika nyumba za maofisa na katika hoteli za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, kanzu nyeupe, tarbushi nyekundu na mshipi kiunoni vilifanywa sare ya watumishi wa mezani. Yaani vazi lile lile ambalo mtumwa wa Unguja alilinunua ili asiitwe tena mtumwa, liliwekwa mwilini mwa mtu aliyeitwa boi, hata akiwa na wajukuu. Wakati huohuo liwali alilivaa barazani akihukumu. Hapakuwa na tofauti kubwa ya kitambaa baina ya kanzu hizo mbili. Liwali aliinunua yake, huku ya mtumishi ikitolewa na kurudishwa. Neno sare halikuhitaji kubadilika: linasema tu kwamba hawa wote ni sawasawa, nalo halisemi wako sawa na nani.

Karani naye alivalishwa kaptura. Ofisa wa Kizungu pia aliivaa, na kwa hiyo ingeweza kudhaniwa kwamba ilikuwa alama ya usawa. Lakini jioni ofisa alirudi kwenye suruali ndefu, koti na tai, na karani aliyefanya hivyo alionekana anajifanya. Baadhi ya wamisionari walikuwa na mawazo ya jirani na hayo, ijapokuwa kwa nia nyingine. UMCA, kwa mfano, haikupenda wanafunzi wake wa Kiungani, Unguja, wageuzwe Wazungu kwa mavazi, ikawaona wanafaa zaidi katika kanzu. Pande zote mbili suruali ilikuwa mpaka uliolindwa.

Ilipokosekana njia ya kupanda kazini, watu walijitengenezea ngazi nje ya kazi. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi Tanganyika na nchi za jirani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa na vyama vyenye Kingi, majenerali na madaktari, kila mmoja na magwanda yake na nishani zake. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alionesha jinsi Marini na Arinoti walivyoshindana kwa bendi na kwa unadhifu. Karani ambaye ofisini hakuwa na tumaini la kuwa bwana mkubwa alikuwa bwana mkubwa kila mwisho wa juma. Wakoloni wengine waliicheka beni na wengine waliiogopa. Walioiogopa waliielewa vizuri zaidi.

Je, vazi lilimpandisha karani? Mfano ulio karibu kuliko yote kwa wasomaji wa Kiswahili ni Shaaban Robert. Aliingia serikalini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, akahamia idara nyingine kadhaa, na hadi alipostaafu baada ya miaka zaidi ya 30 alikuwa bado katika daraja la watumishi wa chini wa Kiafrika, ilhali nje ya ofisi alikuwa mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yake. Madaraka ya ofisa tawala yalikuwa ya Wazungu, kwa sehemu kubwa, hadi katikati ya miaka ya 1950. Hapakuwa na koti ambalo lingeivuka dari hiyo. Hili halina budi kusemwa waziwazi, kwa sababu vitabu vya ushauri wa kazi huuza imani ya kwamba anayevaa kama mkubwa wake atakuwa mkubwa. Katika utawala wa rangi, kuvaa kama mkubwa kulikuwa kosa la adabu.

Uhuru uliifungua dari hiyo kwa haraka, na lugha ikashuhudia. Ajira za Waafrika katika nafasi za Wazungu ziliitwa naizesheni, na walionufaika wakaitwa Wabenzi kwa ajili ya magari yao. Suti ya vipande vitatu ikawa sehemu ya nafasi iliyorithiwa, sawa na nyumba ya Oysterbay. Hapo ndipo mpangilio wa kilemba ulipopinduka kabisa: vazi lilikuja kwanza, kazi ikatarajiwa kufuata.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu ya Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mishahara yao ya mwanzo. Waliandamana wamevaa majoho ya chuo. Joho ni neno la zamani pwani; lilikuwa vazi la watawala na matajiri, la kuvaliwa juu ya kanzu siku kubwa. Wanafunzi waliona wamevaa alama ya elimu. Wananchi waliosimama kando ya barabara waliona joho. Rais Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa vijijini kwao. Yamkini hakuna siku nyingine katika historia ya Tanzania ambapo nguo iliwaponza wasomi kwa kiasi hicho.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 suti na tai viliachiwa nafasi kwa vazi la shati-koti lisilo na tai. Wengine waliliita kwa jina la Zhou Enlai, waziri mkuu wa China aliyezuru Dar es Salaam Juni 1965, na wengine kwa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, na jina hili ndilo lililodumu. Kusudi lake lilikuwa kuondoa utengano, na kwa muda lilifanikiwa. Lakini fundi cherehani wa Kariakoo alijua mapema kuliko wanasiasa kwamba Kaunda suti nayo ina vitambaa vya bei mbalimbali, na haukupita muda ikawa ndiyo inayomtambulisha mkuu wa wilaya akishuka garini. Kwa Waswahili wa Kongo mambo yalikuwa makali zaidi: Mobutu alipiga marufuku suti na tai mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuweka abakosti, na mfanyakazi wa Lubumbashi aliyetaka kubaki ofisini aliivaa hadi marufuku hiyo ilipolegezwa mwaka 1990. Na gurudumu halikusimama. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliwakataza wabunge kuvaa Kaunda suti ukumbini, wakati Rais wao mwenyewe alikuwa ameifanya kuwa mtindo.

Wanawake walilipa gharama nyingine. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, uliokusudia kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo makundi ya vijana yaliwavamia wanawake mitaani na kwenye mabasi, Kariakoo hasa. Walioumia zaidi kwa maneno walikuwa makatibu mahsusi na wanawake wengine wa ofisini, kundi jipya mjini lenye mshahara wake. Sketi yao ilisomwa kama maelezo ya jinsi walivyoipata kazi: inadaiwa ni mapaja yaliyowaajiri, wala si chapa 50 kwa dakika. Mwanamume mvaa suti alishukiwa kupenda anasa. Mwanamke mvaa mini alishukiwa kutokuwa na ujuzi. Tuhuma hizo mbili hazina uzito sawa, kwa kuwa ya pili inaifuta kazi yenyewe. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Juni 2021, mbunge mmoja mwanamke aliamriwa kutoka katika ukumbi wa Bunge la Tanzania kwa sababu ya suruali yake, na mjadala uliofuata haukugusa hata kidogo alichokuwa amekusudia kusema siku hiyo.

Serikali ya Tanzania ilitoa waraka wa mavazi ya watumishi wa umma mwaka 2007, na ofisi nyingi zimeubandika mlangoni ukiwa na michoro ya yanayokubalika na yasiyokubalika. Anayehitimu chuo na kuitwa kwenye usaili hupita kwanza katika soko la mitumba, Karume akiwa Dar es Salaam au Gikomba akiwa Nairobi, kutafuta koti la mtu asiyemjua. Kabla ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980 hata koti hilo lilikuwa adimu Tanzania. Akilipata hulipeleka kwa fundi alipunguze mabega, kwa maana aliyelivaa kwanza alikuwa mnene.

Kilemba, kwa upande wake, hakijatoka katika lugha. Mwanafunzi amalizapo masomo leo ni nadra kuulizwa kilemba cha mwalimu. Anayetaka chumba cha duka Kariakoo ndiye anayeulizwa, na anakilipa kabla ya kukabidhiwa ufunguo.