Magome, Vidonge na Damu: Historia ya Dawa za Malaria

Katika lugha yetu neno homa limebeba maradhi mengi, na malaria imekuwamo humo tangu zama za kale. Watu wa pwani waliitibu kwa majani machungu ya mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi ukazoea udongo wetu hata ukapewa jina la Kiswahili, kwa imani kwamba unaponya maradhi arobaini. Uchungu wenyewe ulihesabiwa kuwa dalili ya nguvu. Imani hiyo haikuwa yetu peke yetu, kwani dawa ya kwanza ya malaria iliyoenea duniani ilikuwa magome machungu mno ya mti wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, yaliyofika Ulaya katika karne ya 17.

Mnamo mwaka 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikitenga kiini cha magome hayo, yaani kwinini. Hapo ndipo tiba ilipobadilika tabia. Gome moja huwa na nguvu nyingi na jingine chache, lakini kiini kilichotengwa hupimika, na mgonjwa wa leo akapewa kadiri ile ile aliyopewa wa jana. Wajerumani, walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902, walipanda miti hiyo huko. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipowakatia njia ya bahari, askari wao walichemsha magome na kunywa maji yake, wakayaita kwa mzaha pombe ya Lettow, jina la jemadari wao. Wapagazi wa Kiafrika wa pande zote mbili, ambao vitabu vingi huwataja kwa mstari mmoja tu, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Yafaa sasa tuingie ndani ya damu. Kimelea cha malaria, kikishatoka katika ini, huingia katika chembe nyekundu na kula himoglobini, ile rangi ya damu ibebayo hewa safi. Mlo huo una sumu ndani yake: himoglobini ikimeng'enywa hubakiza hemu, kitu chenye madini ya chuma, nacho humdhuru mlaji mwenyewe. Kimelea hujiokoa kwa kuigandisha sumu hiyo iwe chenga ngumu zisizo na madhara kwake. Klorokwini, iliyotengenezwa kwanza na Wajerumani mwaka 1934, hupenya hadi katika kifuko ambamo kimelea humeng'enyea chakula chake. Humo mna uchachu, na dawa ikishaingia hunaswa, ikalundikana na kuizuia hemu isigande. Mlaji akafa kwa mabaki ya chakula chake.

Kwa miaka mingi kidonge hicho cha bei nafuu kiliokoa watoto wasiohesabika, ingawa watu wengi walikichukia kwa mwasho wake, wakaacha dozi njiani. Lakini kimelea nacho kilijifunza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Asia ya Kusini Mashariki na Amerika ya Kusini, vilionekana vimelea vyenye mlango uliobadilika katika ukuta wa kifuko hicho, ambao huitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Usugu huo ulifika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikachukua SP, nayo haikudumu. Mwaka 2006 ikaja dawa mseto.

Asili ya dawa mseto yatupasa kuitazama kwa makini, sisi tunaosifu dawa za jadi. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha utafiti wa siri wa kuwasaidia askari wa Vietnam. Mama Tu Youyou na wenzake walipekua maandiko ya tiba ya kale, wakaujaribu mmea wa artemisia, na matokeo yakayumba. Ndipo aliporudia maelekezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, ambaye aliagiza mmea uloweshwe na kukamuliwa, wala hakutaja kuuchemsha. Tu akashuku kwamba joto ndilo lililoharibu kiini, akakitoa kwa etha isiyohitaji moto mkali. Mwaka 1971 kiliponya panya na nyani. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakakinywa wenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2015.

Kwa hiyo anayesema mizizi na majani ni ujinga hajui historia, na anayechemsha majani ya artemisia nyumbani akaiita tiba kamili hajaisoma hadi mwisho. Chai hiyo haina kipimo, na kiasi pungufu huacha hai vimelea vyenye nguvu zaidi.

Artemisinini huwashwa na ile hemu yenyewe, ikaunguza kimelea kwa haraka, kisha hutoweka mwilini kwa saa chache. Ndiyo sababu ikaunganishwa na lumefantrini, inayokaa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyobaki, na inayonyonywa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Mtu anayeacha vidonge siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka ameshika nusu ya kwanza ya kazi tu. Tangu mwaka 2020, watafiti wameripoti katika Rwanda na Uganda vimelea vinavyochelewa kufa mbele ya artemisinini.