Hati Zilitangulia Reli: Umiliki wa Ardhi na Umaskini wa Kaunti ya Harlan, Kentucky

Mwaka 1899, William Goodell Frost, aliyekuwa rais wa Chuo cha Berea, aliandika katika jarida la Atlantic Monthly kwamba wakazi wa milima ya Appalachia ni kama mababu wa Wamarekani waliobaki hai, watu ambao historia iliwapita bila kuwaona. Tangu hapo hoja hiyo imekuwa ikibadilisha kanzu tu. Mwaka 1965 mchungaji Jack Weller aliivisha saikolojia: watu wa milimani ni watu wa kukubali yaishe. Mwaka 2016 J. D. Vance, ambaye sasa ni Makamu wa Rais wa Marekani, aliivisha kumbukumbu za ukoo wake uliotoka Kaunti ya Breathitt, akalaumu malezi na tabia. Wote watatu wanaonyesha kidole upande mmoja: maradhi yamo ndani ya watu, si nje yao. Makala haya yanadai kwamba, angalau kwa Kaunti ya Harlan, mpangilio huo umegeuzwa miguu juu kichwa chini.

Kuhusu dai kwamba watu hawa walitengwa na dunia, sina haja ya kutumia wino mwingi. Henry Shapiro (1978) na Ronald Eller (1982) walikwisha kuonyesha kwamba Appalachia iliyojitenga ni picha iliyochorwa mijini. Dwight Billings na Kathleen Blee nao wameeleza jinsi Kaunti ya Clay, isiyo mbali na Harlan, ilivyochemsha chumvi kwa jasho la watumwa na kuiuza nje ya milima kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Ugomvi unaanza pale tunapouliza: ikiwa hawakutengwa, nini kiliwafukarisha? Billings na Blee wanataja siasa za koo na upendeleo, pamoja na mashamba yaliyokatwakatwa kila kizazi cha warithi. John Gaventa (1980) anataja nguvu za makampuni zilizowafundisha watu kunyamaza. Harry Caudill, wakili wa Kaunti ya Letcher, alitaja hati za ardhi katika kitabu chake cha 1963. Inasikitisha kwamba katika miaka ya 1970 Caudill huyohuyo aligeuka akaanza kulaumu nasaba ya majirani zake. Mimi namfuata Caudill wa 1963, na huyo wa baadaye namwachia njia yake.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine wote ni mfuatano wa tarehe. Harlan iliundwa mwaka 1819, na treni ya kwanza ilifika mjini mwaka 1911. Lakini mwaka 1908, miaka mitatu kabla ya reli, kijana mwanasheria kutoka New York alipanda farasi akavuka milima hiyo pamoja na mjomba wake, Warren Delano, kwenda kufuatilia hatimiliki za ardhi yenye makaa ya mawe. Jina la kijana huyo ni Franklin Delano Roosevelt. Jamaa za mama yake walikuwa na hisa katika kampuni ya Kentenia, iliyojikusanyia sehemu kubwa ya misitu na madini ya Harlan. Mwaka 1919 kipande cha ardhi hiyo kilitolewa kuwa msitu wa kwanza wa serikali ya jimbo la Kentucky, na hadi leo msitu huo unaitwa Kentenia. Kaunti iliyodaiwa kusahauliwa na dunia ilikuwa imekwisha kupimwa, kuandikishwa na kugombewa na familia za kitajiri za pwani ya mashariki kabla haijasikia honi ya treni.

Msomaji wa Tanzania au Kenya, ambako madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya umma chini ya dola, anahitaji kujua jinsi sheria ya Kentucky inavyofanya kazi. Huko mwenye shamba ndiye mwenye madini, na anaweza kuyauza huku akibaki na uso wa ardhi. Kati ya miaka ya 1880 na mwanzo wa karne ya 20, mawakala, ambao John C. C. Mayo wa bonde la Big Sandy ndiye maarufu kuliko wote, walinunua haki hizo mashariki mwa Kentucky kwa bei iliyoanzia senti 50 kwa ekari. Hati zenyewe zilitoa mengi kuliko makaa. Mnunuzi alipewa kukata miti ya kuegemeza mgodi, kupitisha njia, kutumia maji na kumwaga vifusi, na mara nyingi aliondolewa wajibu wa kulipa fidia. Mkulima alibaki na nyumba, bustani, makaburi ya wazazi wake na bili ya kodi.

Wauzaji wale walijua uchimbaji wa sururu na handaki. Mwaka 1956, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Watson, mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba hati za zamani ziliruhusu pia uchimbaji wa wazi, yaani kuuchubua mlima kwa tingatinga. Ndipo mwaka 1965, katika Kaunti ya Knott, mjane Ollie Combs alipolizuia tingatinga akabebwa mzobemzobe hadi jela. Marekebisho ya katiba ya jimbo yaliyozuia tafsiri hiyo yalipitishwa mwaka 1988 kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura, na mahakama ikayathibitisha mwaka 1993. Kodi nayo ina kisa chake: sheria ya 1978 iliyafanya makaa ambayo hayajachimbwa yasilipiwe karibu chochote, hadi ilipobatilishwa mwaka 1988. Kwa miaka hiyo kumi shule za kaunti ziliendeshwa kana kwamba utajiri ulio chini yake haupo. Hapo sioni tabia ya mtu wa milimani. Naona kazi ya bunge.

Tuyatazame sasa maisha ya kila siku, ambayo wafuasi wa Weller huyapenda kama ushahidi wao. Harlan ilikuwa na watu 10,566 mwaka 1910. Mwaka 1940 walifika 75,275. Wengi waliishi katika miji ya makampuni, kama Lynch, iliyojengwa kuanzia 1917 na kampuni tanzu ya U.S. Steel. Nyumba ilikuwa ya mwajiri, na aliyefukuzwa kazi alihama na vyombo vyake. Ujira uliweza kulipwa kwa sarafu za kampuni zilizotumika katika duka la kampuni. Hata hivyo familia zililima mteremko, zikatunga maharage mabichi kwenye uzi na kuyakausha kwa ajili ya majira ya baridi, zikafuga nguruwe na kuchimba jinsengi, mzizi wa dawa, msituni ili kuiuza. Weller angeyaita haya mabaki ya zamani. Kwangu mimi ni ruzuku: kaya inayojilisha yenyewe ndiyo iliyomwezesha mwajiri kulipa kidogo, na kumwachisha mchimbaji kazi bila kuulizwa watoto watakula nini.

Kuhusu ukimya anaoueleza Gaventa, Harlan haimsaidii sana. Ujira ulipokatwa kwa asilimia 10 mapema mwaka 1931, wachimbaji waligoma, na tarehe 5 Mei mapigano ya mji wa Evarts yaliua watu wanne. Wengi wa manaibu wa sherifu walikuwa wakilipwa na makampuni yenyewe. Mwaka 1973 na 1974 wake wa wachimbaji waliogoma katika mgodi wa Brookside walizuia barabara dhidi ya kampuni ya Eastover, tanzu ya shirika la umeme la Duke Power. Penye ukimya, basi, yafaa kwanza tuulize nani alikuwa ameshika bunduki.

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba Lynch ilileta hospitali na shule nzuri, na kwamba familia za Waafrika-Wamarekani zilizotoka Alabama ziliiona kuwa hatua ya mbele. Karida Brown (2018) ameandika vizuri juu ya upendo wao kwa mji huo, na vizazi vyao vilivyotawanyika Detroit na Cleveland bado hukutana kila mwaka. Nakubali. Ila huduma zile zilikuwa za kampuni, na kampuni ilipopunguza watu zilipungua nazo. Mwaka 2020 kaunti nzima ilihesabiwa watu 26,831. Pingamizi ya pili ni Kaunti ya Owsley, yenye makaa machache na umaskini mkubwa. Kwa Owsley maelezo ya Billings na Blee yanafaa kuliko yangu, na dai langu linahusu kaunti za makaa.

Katika kaunti hizo, lakini, dai hili lina uzito wa kisera. Tume ya Maendeleo ya Appalachia, iliyoundwa mwaka 1965, ilielekeza sehemu kubwa ya fedha zake kwenye barabara kuu, kwa imani kwamba kinachokosekana ni njia. Wengine walidhani kinachokosekana ni hamu ya elimu, ilhali mwaka 1913 William Creech, mzee wa hapohapo Harlan, alitoa ardhi yake ili ijengwe shule ya Pine Mountain. Julai 2019 kampuni ya Blackjewel ilifilisika, hundi za mishahara zikakataliwa benki, na wachimbaji wakaketi relini mjini Cumberland kuzuia treni iliyobeba makaa waliyoyachimba bila kulipwa. Reli ilikuwapo, na barabara ilikuwapo. Nawaomba wenzangu wanaoandaa utafiti mpya juu ya milima hii waanzie katika ofisi ya karani wa kaunti, kwenye vitabu vya hati, kabla ya kumuuliza mkazi yeyote ana mtazamo gani juu ya kazi na familia.