Jiji Lisilo na Jiko

Ingia hoteli yoyote ya River Road saa saba mchana. Ubaoni pameandikwa chapati madondo, pilau, githeri, matumbo, ugali samaki. Hakuna anayeusoma, maana wateja wanajua watakachoagiza kabla hawajaketi. Ila kila chakula pale kina watu waliokileta Nairobi, na wengi wao hawakutakiwa wakae.

Reli ilifika hapa Mei 1899. Wahindi zaidi ya 30,000 walikuwa wameajiriwa kuijenga. Wengi walirudi kwao, elfu chache wakabaki, na wenye maduka wakawafuata. Mwaka 1902 tauni ilizuka na bazaa yao ikachomwa moto kwa amri ya serikali, kisha ikajengwa tena. Kwa Wahindi hao ndiko Nairobi ilikojifunza chapati, sambusa na chai iliyochemshwa pamoja na maziwa.

Pilau na mandazi vilipitia mlango mwingine: vijiji vya Waislamu wa mwanzo, Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini. Huko wanawake walijenga nyumba zao wenyewe, wakakodisha vyumba na kuwauzia wapangaji chai na chakula. Kileleshwa nayo ilikuwa kijiji cha namna hiyo. Anayenunua fleti huko leo pengine hajawahi kuambiwa. Ilibomolewa miaka ya 1920, wakati Waafrika wakikusanywa Pumwani, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikafuata.

Lakini mbona mji mzima ulizoea kula nje? Kwa sababu serikali ya kikoloni ilitaka mikono ya mwanamume, si familia yake. Katika landhi, makazi ya wafanyakazi wa reli pale Muthurwa, na katika vyumba vya Pumwani, wanaume walibanana chumba kimoja, wake zao wakiwa mashambani. Aliyetoka kazini jioni hakuwa na wa kumpikia, na mara nyingi hakuwa na pa kupikia. Aliyemlisha ni mama wa Kikuyu aliyeshuka kwa miguu kutoka Kiambu au Kabete, akibeba maharagwe, githeri na uji. Askari wa baraza la mji walimfukuza, wakamwaga chakula chake, na kesho yake akarudi. Kwa maoni yangu huyo ndiye mwanzilishi halisi wa hoteli ya Nairobi, ingawa hakuwahi kuwa na paa wala leseni. Aprili 1954, Operesheni Anvil, msako mkubwa wa serikali ya kikoloni, ilipowazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wachuuzi hawakusazwa.

Nyama choma ina hadithi yake. Masoko mawili yanayosifika kwa nyama yana majina ya vita: Kariokor, kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, na Burma, jina linalokumbusha walikopigana askari wetu katika Vita vya Pili.

Baada ya uhuru, sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana Waasia wasio raia. Maduka mengi ya River Road na mitaa ya jirani yakabadilisha mikono, na wapishi wa Kiafrika wakapata kuta na milango. Samaki wa Ziwa Victoria naye akapanda mlima: hoteli ya Ranalo, ambayo watu huiita K'Osewe, ilimpeleka hadi Kimathi Street, ng'ambo ya Moi Avenue, upande ambao zamani Mwafrika aliingia hotelini kama mpishi au mhudumu tu.

Wasio na kuta waliendelea kukimbizana na kanjo, askari wa jiji. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya mashambani, vilivunjwa katikati ya vurugu kubwa.

Na Kitisuru, jirani kabisa na Kabete ya mama yule wa githeri? Mtaa wa mabalozi na kuta ndefu hauna hoteli ya kizamani ya kujivunia. Una mjengo. Palipo na mjengo, kando ya barabara hutokea mama mwenye sufuria mbili na turubai, chapati zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa. Mafundi hula kwa deni, anaandika kwenye daftari, wanalipa Jumamosi wakipokea mshahara. Jengo likikamilika, wenye nyumba huhamia na wa kwanza kuombwa aondoke ni yeye. Hukunja turubai na kuulizia mjengo mwingine unaanza wapi.