Breka inapojikata mara kwa mara: kwa nini kuweka kubwa zaidi ni hatari?

Kwa miaka mingi eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lilikuwa nje ya gridi ya taifa. Arua na maeneo jirani yalitegemea jenereta za mafuta na, kuanzia mwaka 2012, mtambo wa maji wa Nyagak wenye uwezo wa megawati 3.5. Sasa laini ya kilovolti 132 imeiunganisha Arua na gridi hiyo.

Katika sehemu kama Manibe, umeme wa uhakika zaidi unamaanisha majokofu, pasi na majiko ya umeme katika majengo ambayo huenda yalitandazwa nyaya kwa ajili ya taa na redio tu. Vifaa vimeongezeka, lakini nyaya zilizomo ukutani ni zilezile.

Breka hulinda nini?

Wengi hudhani breka, yaani swichi inayojikata yenyewe mkondo unapozidi, huwekwa ili kulinda jokofu au televisheni. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto linalozalishwa ndani ya waya huongezeka mara nne. Ganda la kawaida la plastiki limeundwa kuhimili nyuzi joto 70 za Selsiasi. Likizidishiwa joto hulainika, hupasuka na hatimaye huweza kuwasha moto.

Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za IEC 60364, pamoja na zile za Uingereza za BS 7671, zinaweka utaratibu mmoja: mkondo wa mzigo usizidi kiwango cha breka, na kiwango cha breka kisizidi uwezo wa waya. Fundi huanza na mzigo, kisha breka, na mwisho waya.

Hesabu ya duka moja

Tuchukue mfano wa duka lenye vifaa vya jumla ya wati 4,800. Kwa volti 240, mkondo ni ampea 20, hivyo breka ya ampea 20 inatosha.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ukipita ndani ya bomba ukutani, hubeba ampea 24 pale joto la mazingira likiwa nyuzi 30. Lakini chini ya mabati joto hufika nyuzi 40 kwa urahisi, na hapo uwezo huo huzidishwa kwa 0.87. Ikiwa saketi nyingine inapita katika bomba hilohilo, huzidishwa tena kwa 0.80. Kinachobaki ni takriban ampea 16.7, ambazo hazitoshi. Waya wa milimita za mraba 4, unaoanzia ampea 32, hubakiwa na takriban ampea 22. Huo unafaa.

Umbali nao huhesabiwa. Duka likiwa mita 40 kutoka kwenye mita ya umeme, waya wa 2.5 hupoteza takriban volti 14.4, sawa na asilimia 6. Kikomo cha BS 7671 kwa vifaa visivyo vya taa ni asilimia 5. Waya wa 4 hupoteza volti 8.8 tu, chini ya asilimia 4.

Ikijikata, ufanye nini?

Breka ya ampea 20 haijikati papo hapo mzigo unapozidi kidogo: huweza kupitisha ampea 29 kwa muda unaokaribia saa nzima. Ikiwekwa ya ampea 32 juu ya waya uleule wa 2.5, huenda isijikate hata waya ukiwa umepata joto kupita kiasi. Kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ni hatari zaidi, kwani huondoa ulinzi wote.

Njia salama ni kupunguza vifaa vinavyotumika kwa pamoja, kukagua kama kuna shoti, au kutandaza saketi mpya kwa ajili ya kifaa kikubwa kama jiko.

Nchini Uganda, vibali vya mafundi wa kutandaza nyaya hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, kwa madaraja yanayolingana na ukubwa wa kazi. Kabla ya kumkabidhi fundi jengo lako, mwombe akuonyeshe kibali chake, kisha akueleze hesabu ya mzigo, breka na waya.