Kahawa ya Kilimanjaro: Kutoka Kihambani hadi Mnadani

Kahawa ilipandwa Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 na wamisionari Wakatoliki wa Kilema. Reli ya Tanga ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na njia ya kufika baharini ikafunguka. Walowezi wa Kizungu walipoona Wachaga nao wanapanda mibuni chini ya migomba vihambani, yaani katika mashamba ya nyumbani, wakalia kwamba magonjwa yataenea. Hofu yao kubwa zaidi ilikuwa kukosa vibarua. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyesimamia wilaya, hakuwasikiliza.

Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga wakaunda KNPA, chama cha wakulima wa kahawa, chini ya Joseph Merinyo, wapambane na wadudu na kuuza kwa pamoja. Kilikuwa chama chenye sauti, na serikali haikukipenda. Mwaka 1933 KNCU, chama kikuu cha ushirika, ikashika nafasi yake, kisha kanuni zikamlazimisha kila mkulima kuuza kupitia chama hicho. Mwaka 1937 wakulima wenye hasira wakavamia majengo ya vyama vya msingi vilivyokuwa chini yake. Wanaousifu ushirika hupenda kuuruka mwaka huo. Kwa maoni yangu, wakulima hawakukataa kuuza pamoja. Walikataa kulazimishwa bila kujua fedha inakwendaje.

Na safari ya fedha ni ndefu. Mkulima huchuma kahawa mbivu, huimenya siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono, huivundika, huiosha, huianika chanjani. Chama cha msingi huipima na kumpa malipo ya awali. Kahawa hushuka Moshi kukobolewa na kupangwa madaraja, AA, A, B na mengineyo, ndipo iingie mnadani. Malipo ya pili hufuata mnada, kama makato yameacha kitu. Ada ya shule haisubiri mnada.

Vyama vikuu vilifutwa 1976, vikarudi 1984. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgawo wa mauzo ya kahawa ukavunjika na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, wakaja na fedha taslimu mizanini. Nani angewakataa? Ila mara nyingi aliyeosha vizuri na aliyeanika chini kwenye vumbi walilipwa bei moja, basi bidii ya kuosha ikapungua. Mwaka 2018 serikali ikarudisha ukusanyaji kwa vyama vya msingi, yaani AMCOS.

Katika mizunguko hiyo wengi waling'oa mibuni wakaweka ndizi au majani ya ng'ombe. Watafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungo, wametoa miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, lakini mche mpya hauharakishi malipo. Viongozi wa vyama, mbandikieni mkulima ukutani mambo matatu: bei ya mnada, kila kato kwa jina lake, na tarehe ya kulipwa.