Ukoo wa Driggers: jina lililopona katika karatasi za Marekani

Katika sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, wamo watu wa ukoo wa Driggers huko Carolina ya Kaskazini na ya Kusini. Hawakuandikwa pamoja na Wazungu, wala pamoja na watumwa. Waliwekwa katika safu ya "watu wengine huru". Utumwa ulikuwa bado na miaka 75 mbele yake. Uhuru huo waliupata wapi?

Sensa haijibu. Wakati ule iliandika jina la mkubwa wa nyumba tu. Mke na watoto walikuwa idadi. Tena madaftari ya Virginia ya mwaka huo yalipotea. Anayefuata ukoo huu hana budi kurudi nyuma hadi vitabu vya mahakama ya wilaya ya Northampton, pwani ya Virginia.

Humo, mwaka 1645, anaonekana Mwafrika mtumwa, Emanuel Driggus. Jina hilo ni Rodrigues la Kireno, lililokatwa na masikio ya Waingereza. Aliyewahi kuandikishwa katika kambi ya wakimbizi anajua jinsi jina linavyogeuka mkononi mwa karani. Waafrika walioletwa Virginia mwaka 1619 walipakiwa melini Luanda, na majina ya ubatizo ya Kireno yalikuwa yameenea katika ufalme wa Kongo na Angola. Ndiyo maana wanahistoria wengi wanaona Emanuel alitoka upande huo.

Emanuel alijua nguvu ya karatasi. Mwaka huo wa 1645 aliandikiana mkataba na bwana wake, Francis Pott, juu ya watoto wawili wa kike aliowalea: Elizabeth, wa miaka 3, na Jane, wa mwaka mmoja. Wangetumika kwa muda uliowekwa, si maisha yote. Mwaka 1652 alilipa, Jane akawa huru.

Lakini mkataba haukuwakinga watoto aliowazaa mwenyewe. Mwaka 1657 Pott alimuuza Ann, binti yake wa miaka 9 au 10, kwa ratili 5,000 za tumbaku. Mauzo hayo nayo yamo kitabuni.

Jina liliokolewa na ndoa. Thomas, mwana wa Emanuel, alibaki mtumwa, ila alimwoa Sarah King, mwanamke Mweusi aliyekuwa huru. Sheria ya Virginia ya mwaka 1662 ilisema mtoto afuate hali ya mama yake. Wenye watumwa waliitunga kwa faida yao, ili kila mtoto wa mtumwa awe mali yao. Kwa Sarah ikawageukia: watoto wake walizaliwa huru, baba yao akiwa bado mtumwa, na jina walilobeba ni la baba. Wajukuu na vitukuu wakahamia kusini. Driggus, Drighouse, Driggers: anayetafuta tahajia moja tu atawapoteza njiani.

Koo zilizobaki utumwani hazina njia kama hiyo. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa chini ya jina la bwana, kwa umri, jinsia na rangi. Majina yao yalianza kuingia mwaka 1870. Miaka minne kabla, Carolina ya Kaskazini iliwataka waliokuwa watumwa, wakiishi kama mume na mke, wakaandikishe ndoa zao. Wengine walikuwa pamoja miaka 30 na zaidi. Karani aliwatoza senti 25.