Rangi ya Nuru na Rangi ya Wino: Historia Fupi na Tatizo la Istilahi

Neno rangi limebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Kwalo twataja wekundu wa jua lichwalo, kitu kipakwacho ukutani, na dawa itiwayo katika nguo. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hilo halina madhara. Lakini mfasiri wa maelezo ya programu za ofisini hukwama hapo, kwa kuwa waraka huonekana kwa nuru na huchapwa kwa wino, na viwili hivyo havifuati kanuni moja.

Tofauti hiyo imejulikana tangu zamani. Mwaka 1704 Isaac Newton alitoa kitabu chake cha Opticks, kilichoeleza kwamba nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Baadaye Jacob Christoph Le Blon, aliyepata hataza huko Uingereza mwaka 1719, alichapa picha kwa mabamba matatu: la buluu, la manjano na jekundu. Katika kijitabu chake cha Coloritto alibainisha kwamba rangi za nuru zikichanganywa huleta weupe, na zile za vitu huleta weusi.

Skrini ya kompyuta hufuata kanuni ya kwanza, kwa nyekundu, kijani na buluu. Printa hufuata ya pili, kwa sayani, majenta, manjano na nyeusi. Hivyo kila rangi ya skrini hapana budi ifasiriwe kabla ya kufika karatasini, na baadhi ya zile kali hazina kisawe katika wino. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mambo ya nuru iliweka mfumo wa kupima rangi kwa namba, kwa kufuata jicho la mwanadamu. Mwaka 1993 kampuni nane ziliunda jumuiya ya kusanifisha mafaili yanayoeleza jinsi kila chombo kionyeshavyo rangi. Mwaka 1996 Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza kipimo cha sRGB, ambacho programu za ofisini aghalabu hukitegemea.

Kutokana na historia hii twapendekeza mambo matatu. Kwanza, panapohitajika uangalifu, pasemwe rangi-nuru na rangi-wino. Pili, faili lile liitwe wasifu wa rangi, kwa kuwa kazi yake ni kutaja sifa za chombo. Tatu, sayani isiitwe buluu wala majenta isiitwe nyekundu.

Wapo watakaosema kwamba samawati yatosha kwa sayani, madhali lugha yetu huchota majina ya rangi katika vitu: kijani, kijivu, kahawia. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, samawati tayari yatumika kwa buluu za namna nyingi, na istilahi hutaka maana moja. Karatasini buluu yenyewe hupatikana kwa kuchanganya sayani na majenta. Mtunza ghala aagizaye “wino wa buluu” kwa printa ya namna hiyo ataulizwa ni upi, au ataletewa usiofaa, na fedha ya umma itakuwa imepotea kwa neno moja.